Shimo la Nyumba ya Mama

Nyumba ya mama yangu kule Ruhembe ni nzuri. Naanza na hilo ili nisionekane nina kijicho. Ina kuta za matofali ya kuchoma, bati rangi ya damu ya mzee, sakafu ya saruji na madirisha yenye nondo. Ukipita njia ya mashamba ya miwa unaiona kwa mbali, na wapita njia husema hapo kuna watoto wanaomjali mama yao. Kila nikisikia maneno hayo natamani kutema mate.

Tuliijenga kwa sababu moja. Mdogo wangu wa kike aliolewa Kilosa mjini, akakaa kwenye ndoa miaka mingi bila kushika mimba, hadi mawifi zake wakachoka kumsema kwa mafumbo wakaanza kumsema waziwazi. Kwetu mimba ya kwanza hulelewa nyumbani kwa mama. Tumbo likishakuwa kubwa binti anarudi, anapikiwa, anakandwa, haondoki mpaka amejifungua na mtoto ametolewa nje. Mama alikuwa akiishi kwenye kibanda cha udongo kilichovuja kila kona. Alisema hawezi kumpokea mwanawe humo, wakwe waje kumtazama mtoto wakute ndoo zimetegwa chini ya paa.

"Siku Mungu akimkumbuka," alisema, "anikute nina nyumba."

Basi mimba haijaingia, chumba chake kikaanza kujengwa.

Kwetu matofali hayaletwi na gari. Unachimba palepale unapojenga, kwa sababu udongo mzuri unao chini ya miguu yako na hakuna mwenye akili atakayeubeba kutoka mbali. Kaka yetu alichimba nyuma ya jiko, karibu kabisa na dirisha la kile chumba. Vijana wa jirani walikuja kwa ujima, mama akawapikia ugali na kuwakorogea togwa, wakakanyaga udongo huku wakitaniana, wakafyatua. Ilikuwa kazi ya raha, sitaki kudanganya.

Kuchoma nako kunataka magogo, na magogo yalikuwa kijitoni. Palikuwa na mikuyu mikubwa iliyokifunika kile kijito tangu sijazaliwa. Chini yake maji yalikuwa ya baridi mchana kutwa, jua halikuyaona. Upande wa pili wenye miwa walishafyeka mpaka ukingoni, na tulikuwa tukiwalaani kila siku kwa uroho wao. Kisha tukaenda tukamalizia upande wetu. Tanuri likawaka, moshi ukatanda, matofali yakatoka mekundu, na kila aliyepita akatupa hongera.

Masika ilipokuja shimo likajaa. Udongo unaofaa kwa tofali haunywi maji, kwa hiyo maji yalikaa, na mvua zilipokwisha bado yalikuwepo. Kijito kilichovuliwa kivuli chake kikaanza kukatikakatika kila kiangazi, kikabaki vidimbwi vilivyong'aa juani. Mama hakulijali hilo, kwa kuwa sasa alikuwa na kisima chake nyuma ya jiko. Akaleta bata. Akapanda magimbi ukingoni. Akamwagilia mchicha, akafua nguo, akawa anawaambia wageni kwamba nyumba hii imekuja na baraka zake.

Wala asiseme mtu kwamba mama yangu ni mchafu au hakufundishwa. Wote tulifundishwa, tena tuliimba darasani: mbu wa malaria anakaa kwenye maji machafu. Mama ni mtu anayefagia uwanja kabla hajanawa uso. Makopo alifukia, nyasi alifyeka, kifuu kikishika maji anakigeuza. Ila shimo hakuligusa, kwa kuwa maji yake yalikuwa maangavu, unaona mpaka chini. Maji masafi yana kosa gani?

Hatimaye mimba ikaingia. Mdogo wangu alipokuwa anarudi nyumbani alishuka Mikumi aje kunisalimu. Mimi hupika chakula cha wasafiri kando ya barabara kuu, na siku hiyo niliacha wateja wanagonga meza nikaenda kumtazama anavyotembea. Alikuwa ameegemea nyuma, mkono kiunoni, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa na hataki tone limwagike.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Huyo anacheza?"

"Anacheza mpira. Babaye anasema ni kipa, mimi nasema kipa hana fujo hivi."

Alikula wali wangu, akaomba tena. Nilimsindikiza kwenye bodaboda nikamkanya dereva apite taratibu, akija kumrusha kwenye mashimo nitamtafuta. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu mwenyewe, na harusi yangu haikuwa mbaya.

Chandarua alikuwa nacho, kipya, alichopewa kliniki, na alilala ndani yake kila siku. Hilo nalisema kwa sababu watu wa kutoa lawama hawakosekani. Lakini mjamzito anayesubiriwa na kijiji kizima halali saa kumi na mbili. Wageni walikuja jua likizama, wakaketi naye nje ya jiko wakichambua mboga, yeye miguu wazi, mgongo umeelekea shimoni. Mbu wetu hawangoji mtu apande kitandani. Na kwa sababu ni wadogo na hawana kelele, watu walijipiga mapajani na kuendelea na hadithi.

Mama alinipigia simu kusema mdogo wangu ana homa kidogo, ni uchovu tu. Nikaenda kumchukua, nikampeleka kituo cha afya Mikumi. Alitobolewa kidole, ikaonekana malaria. Nesi aliyempa dawa alikuwa mama wa makamo, asiye na maneno mengi. Alituuliza nyumbani kuna maji gani yaliyosimama. Nikamjibu kwa kujivuna kidogo kwamba hatuna maji machafu, tuna shimo la matofali tu, na maji yake ni safi, mama anafulia.

"Lina kivuli?" akauliza.

"Halina."

"Basi ndiyo wanayoyapenda. Hawa wa malaria wanataka maji yanayopigwa jua, yaliyotulia. Maji machafu ni ya wale wengine wanaowapigia kelele. Lifukieni kabla hajarudi pale. Mimba ya kwanza malaria huipenda zaidi."

Nilipanda bodaboda nikaenda Ruhembe siku hiyohiyo, mdogo wangu nikimwacha kwangu apumzike. Nilichota maji ya shimo kwa bakuli jeupe la mama. Kwanza huoni kitu. Ukitulia, unaviona: vijiti vidogo vimelala juu ya maji, ukisogeza kivuli chako vinajipinda na kukimbilia chini. Nikampelekea mama bakuli mezani. Alitazama, akayamwaga kwenye mchicha wake.

"Vidudu vya maji," alisema. "Bata wanavila."

Kaka naye alikuwa na jibu lake. Mbu wameletwa na ng'ombe wa wafugaji waliohamia bondeni, wanakanyaga matope kila mahali. Mama mmoja wa hao wafugaji alikuwa anapita na kibuyu cha maziwa, akasikia. Alimsalimu mama yangu kwa heshima yote, kisha akasema kwa kile Kiswahili chake cha pole pole, "Sisi tulipofika, hapo kijitoni tulikuta miti." Akaenda zake. Kaka alimsindikiza kwa macho kama aliyeibiwa.

"Hili shimo lina kazi," aliniambia. "Kiangazi nafyatua ya kwangu. Nikilifukia leo nichimbe wapi tena? Nikimaliza, nalifukia."

Nikamwambia tumbo la mdogo wetu halingoji kiangazi. Nikawaendea wale vijana wa ujima. Mmoja alikuwa na kibarua kwenye miwa, mwingine jembe lake limevunjika mpini, mwingine akacheka akauliza tangu lini watu wakafukia maji. Kuchimba walikuja wote. Kufukia hakukuwa na togwa.

Nikabaki na neno moja, nikamwambia mama: mdogo wangu akae kwangu mpaka ajifungue.

"Kwenye chumba cha kupanga?" mama aliuliza. "Mimba ya kwanza? Wakwe waje kumtazama mtoto kando ya barabara, kwenye masufuria ya wateja? Hii nyumba mlinijengea ya nini?"

Alisema hivyo machozi yakimlenga, na kweli nyumba tulimjengea kwa hilo hasa. Mdogo wangu ndiye aliyeamua. Alipopata nguvu alifunga kanga zake, akaniambia, "Acha dada. Mama amenisubiri sana. Nitavaa soksi." Akarudi.

Soksi. Mpaka leo nikiona soksi zimeanikwa kwenye kamba ya mtu nakereka.

Homa ya pili haikuja na kelele. Aliona tu mtoto amepunguza mchezo. Mama akamwambia watoto hutulia siku zikikaribia. Siku hazikuwa zimekaribia. Walipomleta Mikumi mchana ule midomo ilikuwa myeupe, na uchungu ulikuwa umeshamshika kabla ya wakati wake. Alijifungua salama, kama mtu anaweza kutumia neno hilo. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo sana, na hakulia. Nesi yuleyule alituambia malaria ilijificha kwenye kondo la nyuma, mtoto akawa anakosa chakula humo humo tumboni. Hakutuuliza kama tulifukia.

Kwetu kichanga ambaye hakulia hazikwi na wanaume. Wanawake ndio humlaza, kimya, bila matanga, na humlaza mahali penye ubaridi, penye unyevu, ili tumbo la mama yake lisikauke likakataa wengine. Sijui kama ni kweli. Najua kwamba mdogo wangu aliomba kwa sauti ndogo afanyiwe hivyo, na hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Zamani mahali hapo palikuwa chini ya mikuyu. Shangazi zangu wawili walitangulia kwenda kijitoni na jembe, mimi nikiwafuata na mtoto kwenye kifurushi cha kanga. Tulikuta visiki. Tulikuta udongo umekauka na kupasuka, miwa imesimama ng'ambo, na jua la saa nane linatuchoma vichwani. Shangazi mkubwa alijaribu kupiga jembe, likaruka. Akajaribu kando ya kisiki kingine. Kisha akasimama akishika kiuno, akatazama juu kule tulikotoka, nyuma ya jiko, ambako magimbi yalikuwa ya kijani kibichi.

"Ubaridi uko pale tu," alisema.

Nilikataa. Nilisema maneno ambayo mtu hawaambii shangazi zake. Hawakugombana nami, walinipita tu. Mama alikuwa akitusubiri ukingoni mwa shimo. Alilichukua jembe kwa shangazi bila kuambiwa, akang'oa magimbi yake mwenyewe, akachimba. Udongo ulikuwa laini. Bata waliondoka kidogo wakarudi.

Wahenga wanasema msiba wa kujitakia hauna kilio. Waongo hao. Mimi nimekisikia kilio chake, kilitokea dirisha la chumba kile, chenye nondo na sakafu ya saruji, na kilikuwa kirefu.

Baadaye kaka alikuja. Alikuja na majembe, na mabeleshi, na wale vijana wote, hata yule wa mpini. Hakuna aliyewapikia togwa. Walikuwa wameinamisha macho, na kaka alikuwa wa kwanza kuvua viatu. Nilisimama mlangoni nikiwatazama kwa chuki, lakini nilitaka wafukie. Mama akatoka jikoni akasimama kati yao na maji.

"Hapa amelala mjukuu wangu," alisema. "Jembe haliingii tena."

Kaka aliniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye wa kumjibu mama. Alimwita mama, akamsihi, akamwambia watafukia upande wa pili tu. Mama alikaa chini palepale kwenye magimbi na kunyoosha miguu. Vijana walichukua majembe yao mmoja mmoja wakaenda.

Kwa hiyo shimo lipo, na maji yake bado ni maangavu.

Sasa mdogo wangu ana mimba tena. Kwa hesabu za mama hii ndiyo ya kwanza, kwa kuwa ile haikuleta mtoto nyumbani. Amekipaka chumba chokaa, ametandika godoro jipya, na amenipigia simu nimwambie mwanawe aje. Nami nikampigia mdogo wangu Kilosa, nikafikisha salamu kama nilivyotumwa, bila kuongeza langu.

Aliuliza, "Dada, shimo bado lina maji?"

"Lina maji."

"Basi mwambie mama nitazaa hukuhuku Kilosa. Aje yeye. Nauli mume wangu atatuma."

Nikampigia mama, nikamwambia. Nilisikia bata nyuma yake. Alikohoa kidogo, halafu akasema hawezi kuja Kilosa, hawezi kumwacha mjukuu wake peke yake.