Mwanaidi Alipouliza

Nakumbuka, mwanangu, siku baba alipoingia na televisheni na deki ya kuchezea mikanda ya video nyumbani kwetu Kiwalani. Vitu vya nje ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kumiminika mjini, na baba, aliyekuwa kuli bandarini kule Kurasini, alivinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Ndani ya deki mlikuwa na mkanda usio na jina. Hakuna aliyeushughulikia. Majirani walijaa sebuleni kutazama, na mie, msichana mkubwa wakati huo, nikawa natembea mtaani kwa maringo.

Mdogo wangu Mwanaidi alikuwa na miaka minane. Alasiri moja mama yuko sokoni, mie niko bombani, akauwasha ule mkanda peke yake. Haukuwa wa maigizo. Ulikuwa wa vita, watu wanauawa kwelikweli.

Hakusema kitu mpaka tulipokaa kula. Akauliza polepole, tonge mkononi: "Baba, yule mama waliyemkata, watoto wake walikwenda kwa nani?"

Baba alipojua ameyaona wapi, alimzaba kofi, akakataza habari ile isitajwe tena. Kesho yake akaiondoa televisheni. Wakati ule niliona amefanya kama baba anavyopaswa kufanya.

Mwanaidi akaanza kumganda mama. Mama akishika kikapu, yeye anashika khanga yake, analia. Chakula anakichezea tu. Bibi, mama yake baba, alipokuja kututembelea kutoka Kawe, aliyaona hayo, akauliza, akaambiwa. Akamwita mwanawe uani. Hakupaza sauti.

"Televisheni umeiondoa," alimwambia. "Mtoto umemwacha peke yake na aliyoyaona. Alikuja kwako, ukampiga."

Baba akarudi ndani. Kisha akamwita Mwanaidi, akampakata, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akambembeleza aseme alichoona.

"Sijaona kitu, baba," akajibu.

Baba alimuuliza tena miaka iliyofuata, hata alipokuwa kitandani anaumwa ugonjwa uliomwondoa. Akajibiwa vilevile, kwa adabu. Tulimzika hajapata jibu jingine. Mwanaidi sasa ni mtu mzima, na mambo yake yote, ya ndoa na ya maradhi, sie ndugu zake tunayasikia kwa majirani. Sijui ni mkanda au ni lile kofi. Nadhani ni kofi.

Sasa umenijia unasema umemnyang'anya mwanao simu kwa mambo machafu aliyoyaona humo. Mwanangu, simu inaweza kusubiri. Kaa naye kwanza. Usianze kumwuliza nani kamwonyesha. Muulize ameona nini na kimemtisha nini, na akikuuliza la kukutia aibu, mjibu kwa kadiri ya umri wake. Usilolijua, mwambie hulijui. Mwambie hatapigwa kwa kusema, kisha kweli usimpige. Siwezi kukuahidi kwamba itatosha. Ya siku hizi ni mengi kuliko mkanda mmoja, na mie sijamwona mzazi aliyeweza kuyazuia yote. Pengine hata umeshachelewa, kama tulivyochelewa sie. Nenda hivyo hivyo.

Mungu akupe kifua cha kuyabeba utakayoambiwa, na mwanao asikuogope kamwe. Amina.