Divai Niliyoipeleka Ukweni

Mwanangu, mimi baba yako mkubwa siku niliyokwenda kuposa naikumbuka, na naikumbuka vibaya. Nisingekusimulia, ila jana nimekusikia ukisema posa yako itakwenda na divai tupu, na mama yako abaki hapa Tunduma asije akakuaibisha kwa wakwe. Basi kaa. Chai ikipoa haidhuru.

Nilikuwa na umri kama wako, wakala wa forodha hapa hapa mpakani, viatu vinang'aa, Kiingereza cha kuwababaishia madereva. Mfanyabiashara mmoja wa Zambia nilimtolea mzigo wake bila usumbufu, akafurahi, akanipa katoni ya divai nyekundu kutoka kusini mwa Ufaransa, kule kwenye jua, karibu na Bahari ya Mediterania. Akanieleza kwamba haitengenezwi kwa zabibu za aina moja. Wenyewe huchanganya: Grenashi ya kuleta utamu, Sira ya kuleta rangi, Karinyani ya kuleta ukali kidogo. Nikayakariri majina hayo kama sala, nikajiona nimefika.

Wakati huo nilikuwa nimempata Atupele, binti wa kijijini kwetu Ikinga, mwalimu wa shule ya msingi. Nilimpenda, sikufichi. Mama yako mkubwa analijua hilo na hanisemi.

Kwetu, posa ilikwenda na kimpumu, pombe ya ulezi anayoipika mama wa kijana kwa mikono yake. Bibi yako aliuloweka ulezi, akauotesha, akauanika, akausaga. Asubuhi ya safari nikamkuta amevaa kitenge kipya, chungu amekifunika kwa jani la mgomba.

"Mwanangu, kabla hatujatoka," akaniambia, "kuna jambo nikwambie kuhusu huu ulezi."

"Mama, hiyo pombe iache," nikamkatiza. "Nimepata kitu cha maana zaidi. Na wewe baki tu, upumzike."

Maneno ya adabu hayo, eti apumzike. Alijua nimemwonea aibu. Akakaa kwenye kigoda na kitenge chake kipya. Mjomba wangu, aliyekuwa mshenga, alijaribu kunirudisha njiani, nikamwambia ana mambo ya kizamani.

Ukweni nikafungua chupa mwenyewe. Nikawahutubia wazee wa watu habari za jua la Mediterania, na zabibu zile tatu, na kazi ya kila moja. Wakanisikiliza mpaka mwisho. Baba yake Atupele akaonja, akaweka glasi chini.

"Tumekusikia," akasema. "Zabibu zote umezijua moja moja. Sasa ulezi wetu uko wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Mama yangu alikuwa amekuja kwao wiki mbili nyuma, akamwomba mama yake Atupele kikapu cha ulezi, akauchanganye na wa kwetu. Akina mama walikuwa wamekubaliana hivyo: ulezi wa nyumba mbili, chungu kimoja, watu wote wanywe, na neno liwe limekwisha. Mimi nikaja na katoni, chungu nimekiacha, na mama nimemwacha.

"Ulezi wa mama yake umeukataa," akasema yule mzee. "Huyu binti tutakupaje?"

Mama yake Atupele akainuka akaingia ndani. Atupele alikuwa mlangoni. Akaniangalia mara moja, akamfuata mama yake.

Nilirudi mbio nimwombe mama twende tukaombe radhi. Kumbe alishawaita majirani akawagawia ile pombe isiharibike. "Nitakwenda kumwambia nini yule mama?" akaniuliza, bila kugomba. "Kwamba ulezi wake nimewanywesha majirani?" Posa ikafia hapo.

Nilioa baadaye, hapa Tunduma. Bibi yako alikuja harusini, akala, akacheza kidogo. Kimpumu hakupika. Alisema magoti yanamuuma. Mwaka huo huo baba yako, mdogo wangu, alipooa, alipika vyungu viwili. Amekufa hajawahi kulitaja jambo lile, nami sikuwahi kumwomba msamaha akiwa hai, nilikuwa nangoja siku nzuri. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata kumkosa Atupele.

Sasa nisikilize. Na divai sina ugomvi, ni kinywaji kizuri na wenyewe wanakiheshimu. Ipeleke ukitaka. Lakini usimfiche mama yako kwa sababu ya kandambili zake na Kiswahili chake chenye Kindali ndani. Akikwambia kuna jambo, weka simu chini mpaka amalize. Hujui amekwenda kwa nani kukuombea, wala alipiga magoti mara ngapi. Na kama ulishamwambia abaki, kamwombe radhi leo. Mimi niliahirisha, nikaja kuyasema mbele ya jeneza.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa mke. Akutunzie mama yako aketi mbele siku ya posa yako, na watu wa nyumba ile wampokee yeye kwanza. Haya, inuka. Yuko jikoni.