Picha Mia Tatu za Nyuma ya Nyumba Yangu

Siku mwanangu aliposhindwa kushika kijiko ndiyo siku niliyopiga picha yangu nzuri kuliko zote.

Chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, alikuwa amening'inia kwenye alizeti mwitu nyuma ya nyumba. Kifua kinang'aa. Nikabonyeza. Nikageuka nimwonyeshe Eunice, nikakuta uji umemwagika mapajani na mkono unamtetemeka.

"Mama, kijiko kinakimbia," akaniambia.

Ana miaka sita.

Naitwa Leonida, niko Matongo, Tarime. Nina mdomo, wanaonijua wanajua. Kwa hiyo nitasema yote, hata yanayonivua nguo.

Mume wangu Mwikwabe ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Mimi nalima, na tangu nipate simu nimekuwa na ugonjwa wa picha. Sipigi harusi. Napiga nyuma ya nyumba yangu tu. Masika, kumbikumbi wakitoka ardhini na vipepeo kwenye maua ya maharage. Kiangazi, nyigu wanaokuja kunywa maji kwenye beseni. Vuli, nyuki na chozi. Nakaa kwenye kigoda kilekile, naweka Facebook, watu wa Dar wananiuliza hiyo ni mbuga gani. Nawajibu ni hapa jikoni kwangu.

Alizeti mwitu ilikuwa ya jirani yangu, Winfrida. Aliipanda mwenyewe iwe uzio kati yetu. Mjane, hana mtoto. Mnajua mtu wa namna hiyo anavyosemwa huku kwetu.

Hali ya Eunice ikazidi. Akawa anaanguka akienda chooni. Akasahau majina ya kuku aliowapa yeye mwenyewe. Zahanati wakatupa dawa ya malaria, halafu ya minyoo. Tukaombewa. Mwikwabe akaongea na wazee wa ukoo wao. Wapi.

Nilikuwa nikiamka naweka kwanza kiganja kifuani kwake, nione kama bado anapumua.

Siku moja wanawake kisimani wakaniambia, "Wewe unapiga picha kila siku, humuoni anayekuja kwako?"

Nikaifungua simu pale pale. Nikaona.

Kwenye picha kumi na moja, nyuma ya maua, kuna mkono umepenya uzio. Mkono wa Winfrida. Umemshika Eunice bega, unamvuta upande wa pili.

Nikakumbuka na maneno yake. Kiangazi alikuja mlangoni akaniambia, "Mama Eunice, hicho kikaango chenu kiwekeni mbali na mtoto."

Kikaango hicho Mwikwabe alikuwa anachomea dhahabu nyuma ya nyumba. Wengi wanafanya hivyo, maana kule mwaloni wanakooshea mchanga macho ni mengi. Nikajua huyu mama ana kijicho na riziki yetu. Nikamjibu, "Ukiona chetu kinakuuma, kachimbe chako."

Sasa nikawa nimepata jibu. Nilichukua panga nikafyeka uzio wote, maua yakiwa yamejaa nyuki. Ile picha ya mkono nikairusha kwenye grupu la kijiji. Nikaandika: mchawi huyu hapa.

Watu wakajaa. Mzee Heche, mwenyekiti wa kitongoji, akaishika simu yangu.

"Winfrida, huu mkono ni wako?"

"Ni wangu, mzee."

"Ulikuwa unamvutia nini mtoto wa watu?"

"Nilimwambia mama yake. Hakunisikia."

"Unasikia kiburi hicho?" nikasema. Mtu mmoja akaokota jiwe.

Heche akamsogelea akamwambia taratibu, "Mama, ondoka sasa hivi. Mimi sitaweza kukulinda."

Akaondoka kwa bodaboda kwenda kwa kaka yake, kule kijiji cha Gorong'a, na godoro moja na kuku mmoja. Mimi nikalala usingizi ambao nilikuwa sijalala kwa miezi.

Lakini Eunice hakupona. Wiki mbili baadaye hakuweza kusimama.

Tukampeleka hospitali kubwa, Mwanza. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Nikampa simu amuone mchawi aliyenimalizia mtoto. Akaikuza ile picha. Hakuangalia ua wala mkono.

"Hiki kikaango mnapikia nini?"

"Mayai."

"Na huu moshi?"

"Baba yake anachoma dhahabu."

"Imechanganywa na zebaki?"

"Sasa dhahabu utaikamataje bila zebaki?"

"Kikaango hichohicho cha mayai?"

"Tunakisugua na majivu, daktari," nikamwambia. "Kinatakata kabisa."

Akaweka simu mezani. Akanieleza polepole kwamba ukichoma lile donge la dhahabu na zebaki, zebaki haipotei. Inakuwa moshi, mtu anauvuta, unaingia mpaka kwenye ubongo. Na mtoto, ambaye ubongo wake bado unakua, ndiye anayeumia zaidi.

Nikatoka nje, nikakaa chini kwenye korido, nikaanza kuzipitia picha zangu. Zilikuwa zaidi ya mia tatu. Masika, kiangazi, vuli.

Siku zote nilikuwa naangalia ua. Nyuma ya ua, kila Mwikwabe alipochoma, Eunice amechuchumaa mbele ya kikaango, anasubiri kuona kitu cha njano kikitokea. Upepo unamletea moshi usoni. Na kwenye picha kumi na moja kuna mtu anamtoa.

Mtu mmoja tu. Mkono wangu mimi ulikuwa umeshika simu.

Eunice yuko hai. Kijiko anakishika kwa mikono miwili. Maneno yanamtoka kwa shida, na daktari hakuniahidi kitu.

Mwezi uliopita nilienda Gorong'a. Winfrida alikuwa anapepeta mtama. Nikapiga magoti, nikashindwa kuongea, na mdomo wangu wote huu.

"Mtoto anakula?" akaniuliza.

"Anakula kidogo."

"Na kikaango?"

"Baba yake hachomi tena nyumbani. Rudi, dada yangu. Nitakupandia uzio upya."

Akaendelea kupepeta.

"Nirudi wapi, Leonida? Hata hapa Gorong'a wameniletea ile picha. Mtoto wa kaka yangu ameikuta kwenye simu."

Nikarudi Matongo peke yangu.

Kwa hiyo nimewaandikia nyinyi. Mnaochomea nyumbani, mwiteni mtoto aje mbali, leo hii. Na mliotumiwa picha ya mkono kwenye maua ya manjano, niliyeipiga ni mimi. Msiifute. Itumeni tena kote mlikoituma, na juu yake muandike: huyu mama alikuwa anamtoa mtoto kwenye moshi.