Niligandishiwa kipande cha ovari kabla ya chemo, leo nashukuru hadharani

"Ukipona, utataka kuzaa?"

Wakuu, salamu kutoka Songea. Swali hilo niliulizwa na daktari nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo, na sikuwa na jibu. Mnaonijua humu mnajua huwa sikosi jibu.

Haya yamenipata mwenyewe. Atakayetilia shaka namwelewa, hata mimi ningetilia.

Nilianza na uvimbe shingoni. Majirani pale Bombambili wakasema ni jino. Ikaja kugundulika ni saratani ya tezi za limfu, nikapelekwa India, mama akanisindikiza.

Daktari wa kule akatueleza kwamba chemo niliyopangiwa inaweza kuua mayai yangu yote. Ila kabla ya kuanza, wanaweza kutoa kipande cha ovari kwa upasuaji mdogo, wakakigandisha, na nikipona wakakirudisha.

Nikaanza maswali.

Kwa nini msigandishe mayai tu? Akasema kuyakuza kunahitaji sindano na muda, na uvimbe wangu ulishaanza kubana njia ya hewa. Kipande kikiwa na saratani je? Wanakipima. Mna uhakika nitazaa?

"Hapana," akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Tatizo likawa nyumbani. Kwetu jambo la tumbo la binti halina mwamuzi mmoja. Baba alishafariki, kwa hiyo neno lilikuwa la baba mkubwa, mkulima wa mahindi kule Madaba. Naye kabla hatujaondoka alishatamka:

"Mkatibiwe shingo. Tumboni wasiguse! Nasikia huko wanachukua mpaka figo. Ukirudi huna kizazi, wakwe tutawaambia nini?"

"Wakwe gani, baba mkubwa? Sina hata mchumba."

"Ndiyo maana nakwambia."

Mnicheke, msomi mzima, lakini ukiwa mgonjwa hutamani kulala kwenye kitanda cha upasuaji ukoo ukiwa umekasirika. Nikagoma kusaini.

Mama akaniuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Nikamjibu kwamba sijui kama nataka watoto, ila sitaki dawa ndiyo iniamulie.

Akachukua simu, akatoka koridoni. Aliporudi alikuwa anajifuta uso kwa kanga.

"Baba yako mkubwa kakubali. Kasema watoe."

Nikasaini. Wakatoa, chemo ikaanza.

Nikapona, namshukuru Mungu. Lakini hedhi ikakata kabisa, nikaanza kupata yale majoto ya ghafla ya wanawake wa umri wa mama. Na mama naye alikuwa nayo! Mwezi wa saba, baridi ya Songea mnaijua, sisi wawili tumekaa sebuleni tunajipepea.

"Karibu uzeeni, mwanangu," ananiambia huku anacheka.

Madaktari waliporidhika, tukarudi India, wakakipandikiza kile kipande. Miezi ikapita kimya. Nikaanza kusema si niliwaambia, sayansi nayo ina maneno mengi. Halafu asubuhi moja nikaiona hedhi.

Nikampigia mama akiwa sokoni. Akapiga vigelegele mpaka wauza dagaa wakadhani nimeposwa.

Sina mtoto. Bado sijui kama nitamtaka, na hakuna aliyenihakikishia nitampata. Ila sasa nikiulizwa lile swali, naweza kulijibu kwa nafasi yangu.

Nilichojifunza: kama binti yako au dada yako anaanza chemo, ulizeni habari za uzazi kabla ya dozi ya kwanza. Hata kama bado hajavunja ungo. Daktari aliniambia kwa hao wadogo mayai hayawezi kukuzwa, kwa hiyo njia hii ndiyo tegemeo. Si kila mgonjwa inamfaa, lakini kuuliza hakuumizi.

Mwenye utaalamu aongezee, aliyepitia atusimulie, na wabishi wenzangu karibuni, nipo.

Jambo la mwisho. Juzi nilipanda Madaba na sukari na kitenge cha mama mkubwa, nikamwamkia baba mkubwa, nikamwambia nimekuja kumshukuru kwa kuruhusu siku ile.

Akanikazia macho.

"Kuruhusu nini? Tangu mwende India mama yako hakunipigia simu hata mara moja."