Mzee Aliyeniomba Niichelewishe Taimingi ya Gari Lake

Kila anayeingia gereji anataka gari lake liongezwe nguvu. Yule mzee alikuja kuomba apunguziwe.

Nasimulia leo kwa sababu tumeshamzika, na ahadi yetu ilikuwa mpaka siku hiyo.

Nilikuwa nimemaliza chuo, uhandisi wa mitambo. Vyeti safi, kazi hakuna. Mjomba akanichukua gereji kwake, na mafundi wakanibatiza jina siku hiyo hiyo: Digrii.

Jina lilikuwa na utani ndani yake. Taimingi ya injini, yaani wakati wa cheche kuwaka, nayo hupimwa kwa digrii. Basi gari la kizamani likija zembe, utasikia, "Digrii, njoo uongeze digrii, hizo zako hazina pa kwenda!"

Gereji nzima inacheka. Na mimi nacheka. Ningefanyaje?

Siku hiyo mjomba alikuwa amekwenda kununua vipuri, na mafundi walikuwa wamekwenda kula. Gari dogo la zamani, limeoshwa likang'aa, likaingia taratibu. Akashuka mzee nisiyemjua. Shati limenyooshwa kwa pasi, viatu vimepishana: kimoja cheusi, kingine cha kahawia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Kiasi."

"Kiasi kinatosha. Nataka uichelewishe taimingi ya hii gari. Ishindwe kupanda ule mlima."

Nikadhani masikio yananidanganya. Ule mlima ndio njia pekee ya gari kutoka mtaani kwetu kwenda barabara kuu. Huku chini ni tambarare tupu: nyumba, maduka, zahanati.

"Mzee, watu huja hapa ili niongeze..."

"Najua watu wanataka nini. Nimekuwa dereva maisha yangu yote. Keti."

Tukaketi juu ya matairi chakavu.

"Kichwa kinaniacha, mwanangu. Juzi nilijikuta barabara kuu, malori yananipigia honi, sijui nimetoka wapi wala naenda wapi. Binti yangu akanificha ufunguo."

Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Asubuhi yake ufunguo ninao mfukoni, naye nikamwona shavu limevimba. Nikamuuliza, nani kakupiga? Nionyeshe, nimvunje mkono! Akanitazama tu."

Aliutazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine.

"Kwa nini usiiuze tu?" nikauliza.

"Nikiiuza, nitaamka niseme imeibwa, na mwizi atakuwa yeye. Nataka nigombane na gari. Gari haina shavu."

Kwa msiojua, ngoja niwaeleze. Ndani ya injini, plagi hutoa cheche pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka, ikikaribia kufika juu. Cheche lazima itangulie kidogo, maana moto nao unahitaji muda wa kusambaa, ili msukumo ukamilike pistoni ikianza tu kushuka.

Ikitangulia mno, moto unaipiga pistoni usoni ikiwa bado inapanda. Injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo.

Ikichelewa, pistoni imeshaondoka. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea akiwa ameshakwenda: unasukuma hewa. Petroli ni ile ile, ila nguvu inageuka joto na kutokea kwenye ekzosi.

"Itachemka, mzee," nikamwambia.

"Ikichemka itasimama. Ndicho ninachotaka. Sasa niahidi. Nikija kudai uirudishe, usiirudishe. Hata nikikutukana. Hata nikilia. Na nikiwa hai, asijue mtu, hasa binti yangu. Akijua, siku moja hasira zitamtoka, aniambie wewe mwenyewe ulitaka. Nitamchukia."

"Naahidi."

"Sema tena."

"Naahidi, baba."

Nikalegeza nati ya distributa, kile kifaa kinachogawia plagi cheche, nikakizungusha ili cheche ichelewe. Sauti ya injini ikashuka, ikawa nzito kama ya mtu aliyeamshwa. Miaka yote ya chuo nilifundishwa kutopoteza nguvu. Kazi yangu ya kwanza ya maana ikawa kuipoteza.

Aliporudi, hakunijua.

"Kijana, wewe mgeni hapa? Hii gari haipandi mlima."

Nikasafisha plagi. Nikapangusa chujio. Distributa sikuigusa. Akaondoka, akafika nusu ya mlima, akarudi kinyumenyume.

"Ulisomea wapi wewe? Jikoni?"

"Digrii imeungua!" fundi wa rangi akadakia. Vicheko.

Ikawa hivyo kila mara. Anakuja na matumaini, anarudi na matusi. Mjomba akaniuliza, "Taimingi umeiangalia?"

"Nimeiangalia, mjomba."

Hakufungua hata boneti. Aliniamini, na hilo ndilo lililoniuma.

Kisha siku moja mzee akaja mwingine kabisa. Viatu vinafanana. Macho yametulia.

"Digrii!" akaniita kwa jina, kisha akaninong'oneza. "Nakumbuka makubaliano yetu. Mlima, shavu la mwanangu, yote. Daktari kanipa dawa mpya, kichwa kimerudi. Ahadi yako nimekufungulia, mwanangu. Umeteseka vya kutosha."

Jamani, mimi ni mtu wa kutumaini haraka. Machozi yalinilenga. Nikachukua spana, nikalegeza nati. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya distributa.

"Nirudishie digrii zangu, Digrii," akasema. Tukacheka wote wawili.

"Fanya upesi tu. Kengele ya shule imekaribia kulia. Binti yangu yuko darasa la pili, ana woga, hapendi kunisubiri getini."

Nikauondoa mkono.

Binti yake, aliyekuwa akija kumchukua gereji, amenizidi umri.

Nikakaza nati pale pale ilipokuwa.

"Tayari?"

"Tayari, baba."

Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea heri. Akaondoka anaimba.

Alirudi kwa miguu. Jasho linamtiririka, gari kaliacha mlimani. Akanikaba shingo ya ovaroli mbele ya wateja.

"Mwongo! Mwanangu yuko getini peke yake! Umemwacha mtoto wangu getini!"

Alikuwa analia. Sikujitetea.

Mafundi wakalirudisha gari. Mjomba akafungua boneti, akasikiliza, akanigeukia kama haamini.

"Taimingi iko nyuma kabisa! Hukuiangalia wewe!" Akanyoosha mkono. "Nipe spana."

Nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitoa.

Hapo binti yake akaingia mbio, kanga begani, anahema. Mzee akaniachia.

"Umekujaje wewe?" akamuuliza kwa upole, kama anavyoulizwa mtoto mdogo.

"Nimetembea, baba. Rafiki yangu kanishika mkono."

"Hukuogopa?"

"Sikuogopa."

Binti akamketisha baba yake kivulini. Kisha akatufuata, akamshika mjomba mkono.

"Mjomba, nakuomba, iache hivyo hivyo."

"Kuitengeneza ni kazi ya dakika tu, mwanangu! Huyu kijana kaiharibu!"

"Iache." Sauti ilimkatika. "Tangu ichoke, hasira zake zote zinaishia mlimani. Akirudi nyumbani anakula, analala. Hajaninyanyulia mkono tena. Najua ni dhambi mtoto kuombea gari ya baba yake isipone. Lakini naomba."

Hata fundi wa rangi alitazama chini.

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa yanatafuta kitu usoni mwangu.

"Hebu niambie, mdogo wangu. Ulifanya makusudi? Kuna mtu alikutuma?"

Mzee alikuwa pale kivulini, anajipepea kwa kofia, anatabasamu peke yake. Neno moja tu lingenisafisha mbele ya gereji nzima.

"Hapana, dada. Nilikosea tu."

Mjomba akanipokonya spana. "Kuanzia leo injini ya mtu usiguse. Nenda kwenye matairi."

Mzee hakupona. Aliusahau mlima, akalisahau gari, mwishowe akawa anamwita binti yake nesi. Hakuna nilichookoa ila shavu moja, na kwa muda tu.

Ila nimejifunza hili, nawaachia na ninyi. Ukikubali kubeba lawama ya mtu, ibebe mpaka anapofika yeye. Usiitue njiani ili watu wajue kwamba wewe ni mwema.

Binti alikuwa akipita gereji na dawa za baba yake. Ananikuta nimechuchumaa na pampu, mikono myeusi.

"Digrii, bado uko kwenye matairi? Taimingi hujaijua tu?"

"Bado, dada," namjibu. "Bado kidogo."