Gunia Alilomshonea Mwanetu

Marehemu mke wangu alikuwa fundi wa kushona magodoro. Mwanetu alikuwa mtu mzima, na hasira zake zilikuwa za kuvunja milango. Mshauri mmoja wa mambo ya akili akatuambia hasira ni kama mvuke wa sufuria iliyofunikwa, apige kitu kisichoumia na zitamwisha. Mke wangu akashona gunia, akalijaza pamba, akalining'iniza kwenye boriti.

Mwanetu alilipiga kila asubuhi. Alilipiga kwa ngumi, kwa kichwa, kwa mguu wa kiti, mpaka ukuta ukarukiwa na damu ya vidole vyake. Mwezi wa pili akawa analipiga huku anataja majina yetu. Siku moja chai ilichelewa, na hakuliendea gunia. Alimpiga mama yake, nikasikia mfupa wa mkono ukikatika. Nilimtandika nyundo ya bega ndipo akamwachia.

"Mama, nisamehe, hasira zimenizidi," alilia pale sakafuni.

"Zimekuzidi wapi, baba? Miezi miwili unafanya mazoezi, na uwanja nimekupa mimi."

Mama yake akashika kisu kwa mkono wa kushoto, akalipasua gunia.

"Pamba hii inarudi kwenye godoro. Mkono umeuvunja wewe, basi utashona wewe."

Mwanetu alishona kando yake miaka tisa. Mama yake alimchamba kila mshono ulipopinda, lakini yeye hakumnyanyulia mama yake mkono tena.

Juzi, tulipotoka kumzika, alinishonea godoro jipya, la mtu mmoja.