Zamu ya Wambura

Nakumbuka Jumapili moja pale Bunda, mwanangu, mvua inapiga bati mpaka tunaongea kwa kupaza sauti, na kaka yangu Masatu anatufundisha kupigana bila kunyanyuka kwenye viti.

Usicheke. Ilikuwa miaka ile sabuni na sukari zimeanza kuonekana tena madukani, na mitumba imejaa sokoni. Ndani ya robota la nguo za watoto Masatu alikuta boksi lenye kitabu cha Kiingereza na madadu ya ajabu, mengine yana pande ishirini. Kwa vile alikuwa amemaliza kidato cha sita, alikaa na kamusi mpaka akaelewa kwamba ni mchezo wa kuigiza mezani. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na mambo yakiwa magumu dadu linaamua.

Kusimulia hakukutushinda, tulizaliwa kwenye watu wa maneno. Sheria za kupigana ndizo zilitutoa jasho. Kwanza kila mtu anarusha dadu ijulikane nani aanze. Kitabu kililiita kwa neno la Kiingereza ambalo kamusi ilisema maana yake ni "ari", basi tukaliita dadu la ari. Halafu unasubiri zamu yako. Ikifika unasogea, unashambulia mara moja, unanyamaza. Ukipata namba kubwa kuliko namba ya ulinzi wa adui, umempiga. Ikiwa ndogo, umepiga hewa. Mimi nilikuwa mpiga mishale, na kusubiri sikuwezaga. "Nyangeta, zamu yako bado!" Masatu aliniambia mpaka sauti ikamkauka. Haya, kupotea njia ndiko kujua njia.

Mchezaji wa tatu alikuwa Wambura, rafiki wa Masatu na mwenzake kwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli. Ndiye aliyetaka kunioa. Na siku hiyo tulikuwa tunamsubiri shangazi yetu Nyanjura kutoka Mugeta, aje amtazame. Kwetu shangazi akikunja uso, posa imeisha.

Basi, kwenye mchezo, Masatu akiwa ndiye msimulizi, tukavamiwa na wezi wa ng'ombe. Askari wa Wambura akajeruhiwa vibaya.

"Naondoka," Wambura akasema zamu yake ilipofika. "Narudi mpaka mtoni."

"Anayegeuza mgongo vitani anapigwa bure," Masatu akajibu. "Ndiyo sheria." Akarusha dadu. "Umekufa."

"Sijageuza mgongo! Nimerudi kinyumenyume!"

"Wewe kazi yako kukimbia tu!"

Sijui nani alisimama kwanza. Madadu yalitawanyika chini, Masatu ameshika pampu ya baiskeli, Wambura ameinua kigoda juu ya kichwa. Hapo mlango ukafunguka. Shangazi alikuwa amelowa chapachapa, kuku kwapani.

Akamtazama Wambura kuanzia miguuni mpaka kwenye kigoda. "Huyu ndiye mchumba?"

Mwanangu, nilitamani sakafu inimeze. Nikaanza kumtetea, nikamweleza shangazi mchezo mzima, wezi, dadu la ari na zamu. Alinisikiliza huku anakamua kanga yake. Kisha akainama akaokota dadu.

"Kwa hiyo na wezi mnasubirianaga zamu," akasema. "Ila nyie kwa nyie mnabwatukaga wote pamoja. Kaeni chini. Rusheni."

Wakarusha kama watoto waliokemewa. Namba ya Masatu ikawa kubwa.

"Sema mpaka umalize. Wambura, mdomo ufunge. Na wewe Nyangeta, zamu yako haipo kabisa."

Masatu akaiweka pampu sakafuni, akasema kwa sauti ya chini. "Anahamia Musoma. Amepata kazi kiwanda cha samaki. Nimeambiwa na watu sokoni. Kibanda tulikijenga wote, Shangazi, na hakuniambia."

Hata mimi ndiyo kwanza nasikia! Nikafungua mdomo. Shangazi akanigeuzia jicho, nikaufunga.

Zamu ya Wambura ikafika. "Niliogopa," akasema. "Kibanda hakiwezi kulisha nyumba mbili, na mimi nataka kuoa. Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Kibanda ni chako, Masatu. Na spana zote."

"Hata ile kubwa?"

"Ile ilipotea."

"Ilipotea wapi? Iko kwenu uvunguni mwa kitanda!"

Wambura akaangalia dari, na kicheko kikamtoka Masatu bila kutaka. Tukacheka wote, na kuku naye akapiga kelele.

"Sasa nifundisheni na mimi," shangazi akasema, akamfunga kuku kwenye mguu wa meza. Nilidhani atatuhubiria amani. Wapi! Alichagua kuwa mama mwenye ng'ombe wengi, na wezi walipotokea hakumwachia hata mmoja. Kila akirusha anapiga kelele, "Ng'ombe wangu!" Alipokuwa anaondoka akaninong'oneza: "Mwanaume anayeweza kunyamaza akiwa na hasira, huyo utakaa naye." Nimekaa naye Bweri, hukohuko Musoma, mpaka nywele zetu zimekuwa nyeupe, na Masatu akija kututembelea wanabishana kama zamani.

Basi sikia, mwanangu. Ukiona watu wamegombana kwa hasira kubwa juu ya jambo dogo, ujue lipo kubwa limefichwa chini yake. Moyo wa mtu ni msitu. Huingii huko kwa panga. Mwache mwenzako amalize kusema, hata kama jibu linakuwasha ulimini. Na ukiwa na habari itakayomuuma mtu wako, umwambie mwenyewe, mapema, asije akaipata kwa watu wa sokoni.

Mungu akupe rafiki wa kubishana naye mchana na kula naye jioni. Nyumba yako isikaukiwe kicheko, na siku utakayokosea, awepo mtu wa kukukemea kwa upendo.